Mto wa Sajini na Ndoo ya Koplo

Ushahidi wa kwanza ulikuwa mto. Mto mdogo wa kichwani, umedariziwa waridi jekundu pembeni, na aliyelidarizi hakuwa na mkono mwepesi, maana waridi lenyewe lilikuwa kabichi tupu. Meja Ludlow Prewett aliuweka mezani kama mtu anayeweka kisu chenye damu.

"Umekutwa kwenye kizimba chake cha bunduki," alisema. "Mkiani mwa ndege, mahali pa kukaa macho kodo, yeye kaweka mto. Luteni, bado kuna cha kupeleleza hapa?"

Kabla ya vita Luteni Winifred Hebden alikuwa mkaguzi wa madai ya bima kule Hull, na mtu aliyeonyeshwa maghala mengi yaliyojichoma yenyewe wiki moja kabla ya mwenye ghala kufilisika huwa hana haraka ya kuamini. Aliuvuta mto, akaugeuza, akaunusa.

"Meja, mto wa kulalia unajua unanukaje?"

"Sina habari."

"Unanuka mafuta ya nywele. Huu unanuka suruali."

Kwenye benchi la ukutani, Sajini Emlyn Pugh alikohoa kikohozi kilichokuwa na kicheko ndani yake. Alikuwa Mwelshi mfupi, mwembamba, mdomo haumtulii, na ndiye aliyekuwa mwenye mto na mwenye kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kama mwenyewe. Wiki tatu nyuma, ndege ya mabomu, Lankasta waliyoiita Kitty, ilirudi kutoka Ujerumani ikiwa na matundu paani. Pugh, mpiga bunduki wa mkiani, hakuwa amefyatua hata risasi moja, wala hakuwa amepiga kelele. Na ndege ya mabomu usiku haina ngao nyingine. Bunduki zake ni nyembamba, za windaji, ile ndege ya Kijerumani inayowinda wenzake, ni nene, na mbio haiziwezi. Kinga yake ni kelele za mtu wa mkiani. Akishasema "Piga mbizi kushoto!", rubani anaitumbukiza gizani ikijinyonga kama parafujo, na windaji linabaki kutafuta. Mtu wa mkiani akinyamaza, ni kama mbwa wa zamu aliyekula nyama ya mwizi.

Ndiyo maana siku hiyo, saa sita mchana, kambi nzima ingepangwa mstari pale kiwanjani, na Meja angemkata Pugh tepe zake tatu na nembo ya bawa kifuani, mkasi mkononi, watu wakitazama. Baada ya hapo ni kuosha masufuria, na neno "mwoga" kwenye jina lake mpaka kufa. Kitty ingeruka usiku huo na mtu mwingine mkiani.

"Una mpaka saa sita," Meja alisema.

"Nitautumia wote," Hebden alisema. Kisha akamgeukia Pugh. "Mto huu unaufanyia nini?"

"Naukalia, Afande. Kiti cha kule nyuma ni chuma, na mimi Mungu alininyima matako. Kadarizi mchumba wangu, Olwen. Ukimwona usimwambie habari za kabichi."

Hebden aliuinua mto kuelekea dirishani. Katikati palikuwa pamebonyea, na pembeni mwa bonde hilo kulikuwa na alama mbili za chuma, za pete za mikanda ya mwavuli.

"Meja, tazama. Kichwa cha Sajini kina masikio. Hakina pete."

"Hiyo inaonyesha aliukalia," Meja alisema. "Haionyeshi kwamba hakusinzia akiwa ameukalia."

"Kweli. Sajini, kioo cha mbele ya uso wako kule kizimbani kiko wapi? Nimepita asubuhi nimeona tundu tupu."

"Nilikikata kwa msumeno, Afande. Kioo hakikosi uchafu. Tone moja la mafuta, ukilitazama saa tatu mfululizo, linaota mabawa na kuwa Mjerumani. Nimeshampigia rubani kelele kwa sababu ya inzi aliyekufa."

"Na baridi?"

"Baridi? Ukipiga chafya kule unasikia vigae vya barafu vinadondoka."

Hebden alimtazama Meja. "Mtu anayetafuta usingizi hang'oi dirisha la chumba, Meja. Hebu endelea, Sajini. Usiku ule."

Pugh aliacha mzaha, au tuseme aliuweka kando karibu na mkono. "Tuliachia mabomu. Ndege ikaruka juu, kama kawaida yake, punda akitua gunia. Papo hapo nikasikia ta-ta-ta, mwili mzima wa ndege unatetemeka. Natazama nyuma, hakuna. Juu, hakuna. Kushoto, kulia, hakuna. Risasi zao huwa zina moto wa rangi, unaziona zinakuja kama shanga za harusi. Safari hii hakuna shanga. Rubani ananiuliza, 'Emlyn, nani huyo?' Namwambia, 'Labda ni malaika, maana simwoni.'"

"Umeona, Luteni?" Meja alisema. "Malaika. Matundu yako paani. Nilipanda ngazi nikayaona kwa macho yangu. Mjerumani alikuja juu kwa nyuma, mbele ya pua ya huyu bwana, na huyu bwana alikuwa anaota harusi."

"Matundu uliyaona, au viraka?"

Meja alikunja uso. "Viraka. Mafundi wa Blenkin hawakawii."

Hebden alichukua kofia yake. "Basi nikamwone Blenkin."

*

Koplo Ezra Blenkin, mkuu wa mafundi wa Kitty, alikuwa na imani kwamba ndege ni yake na marubani huiazima tu. Kila alfajiri aliipokea kama mama anayempokea binti aliyechelewa karamuni, akiizunguka na kuikagua huku akitukana kwa sauti ya chini. Fahari yake ilikuwa moja: ndege yake haionyeshi kovu. Ikirudi na tundu, kabla ya watu kumaliza chai ya asubuhi tundu limefungwa, limepigwa msasa na kupakwa rangi.

"Viraka vya paani ni vyako?" Hebden aliuliza. Walikuwa wamesimama kwenye tope la Lincolnshire, lile linalovua watu viatu bila kuwaomba.

"Vyangu, Afande. Ungevijua kama nisingekuonyesha?"

"Nisingevijua. Kingo za matundu zilikuwa zimekunjamana ndani au nje?"

Blenkin alimtazama kama ameulizwa rangi ya upepo. "Kingo tunazikata zote. Kiraka hakikai kwenye bati lililochanika. Tunakata duara safi, tunabandika, tunapiga ribiti, misumari yetu ya bati."

"Kwa hiyo risasi ilikuwa inaingia au inatoka, hakuna ajuaye tena."

"Hakuna aliyeniuliza, Afande. Kazi yangu ni kuziba."

"Na tumboni kulikuwa na matundu?"

Hapo Koplo aliinama kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa. "Tumbo ni jeusi, kama unavyoliona."

"Nimeuliza matundu, sikuuliza rangi."

"Ndege ikirudi hukosi mkwaruzo huku na kule."

Hebden hakumsukuma. Alipanda ndani kwa mlango wa nyuma, Blenkin nyuma yake akihema. Ndani ya Kitty kila kitu kilikuwa kimezeeka vitani: rangi imebabuka, vyuma vimeng'arishwa na viwiko vya watu, mbao za kukanyagia zimelika. Kila kitu, isipokuwa kimoja. Kule nyuma, karibu na kizimba cha Pugh, kilisimama choo cha ndoo, kile cha bati chenye mfuniko, kipya kabisa, kinameta kama samani ya bwana harusi.

Hebden akainua macho. Juu ya choo, sawia kabisa, palikuwa na kiraka cha paani.

"Choo kizuri," alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Cha zamani kilikuwaje?"

"Kilichakaa."

"Nasikia vijana hawakitumii kabisa."

"Hawathubutu! Kule juu chuma kinashika ngozi kama gundi. Aliyekaa mara ya kwanza alibanduliwa na wenzake wawili."

"Sasa choo kisichotumiwa kinachakaaje?"

Blenkin aligeukia mlangoni. "Chai itakuwa tayari, Afande," alisema.

*

Chai ilinywewa kwenye kibanda cha mafundi, kilichojengwa kwa makasha ya mabomu na vipande vya paa vya watu wasiojulikana. Pugh alikuwa ameshafika mbele yao, amekaa juu ya debe, kijiko mkononi.

"Mzee Blenkin, nimekula chakula chako cha mchana," alisema. "Mtu anayekwenda kunyongwa halipi."

"Unakatwa tepe, hunyongwi. Ungekuwa unanyongwa ningekupa bakuli kubwa zaidi."

Hebden alipewa bakuli lake: mashina laini ya mboga, ya rangi ya waridi, yakiogelea kwenye maziwa mazito ya kopo. Alionja. Yalikuwa machachu, kisha matamu, kisha machachu tena. Alisimamisha kijiko.

"Rubarbu? Mwezi wa Februari? Nyumbani kwetu Yorkshire, ya nje haitoki mpaka Aprili, labda uifunike gizani ili iharakishe."

"Ndivyo anavyoifanya mzee," Pugh alisema kwa moyo mweupe. "Ana bustani nyuma ya kibanda. Anaifunika ili isione jua, inajinyoosha kutafuta mwanga, inakuwa ndefu na laini. Kila siku anaigombeza. Hata jana alikuwa analia kwamba shina moja limekuwa la kijani upande mmoja, eti mfuniko unaingiza mwanga."

"Emlyn," Blenkin alisema, "mdomo wako utakuja kuniua."

"Mfuniko gani unaoingiza mwanga, Koplo?" Hebden aliuliza, naye alikuwa tayari ameshasimama, bakuli mkononi.

Nyuma ya kibanda palikuwa na tuta moja lililotunzwa kuliko mtoto. Juu yake vilipangwa vifuniko vitatu: mtungi wa udongo, mtungi mwingine wa udongo, na choo cha ndoo kilichopinduliwa, kitako juu. Kwenye kitako hicho palizibwa kwa tambara. Hebden alilichomoa. Tundu lilikuwa la duara, safi, na bati lake limekunjamana kuelekea ndani.

Mficha uchi hazai. Blenkin alivua kofia. "Afande, ni mali ya Mfalme, najua. Lakini kilikwishatoboka! Ndoo iliyotoboka haina kazi kwenye ndege, na rubarbu haijali. Nikaweka kingine kutoka stoo, nikaziba sakafu, nikapaka rangi tumbo. Ningesema kuhusu tumbo, wangeuliza kuhusu choo."

"Kwa hiyo tumboni kulikuwa na matundu."

"Mstari mzima, Afande. Yakitazamana na ya paani."

Pugh aliweka kijiko chini. "Mzee. Wiki tatu natembea kama mchawi kambini, na wewe unapika rubarbu?"

"Mimi najuaje wewe umeshtakiwa kwa matundu?" Blenkin aling'aka, na masikio yalikuwa mekundu kuliko mashina yake. "Nilisikia ni habari ya mto!"

"Mfuniko wa choo hiki uko wapi?" Hebden aliuliza.

Pugh aliingia kibandani, akainua birika la chai na kuchomoa kitu lilichokuwa limekalia. Ulikuwa mfuniko wa bati wenye tundu katikati, na bati la tundu hilo limechanua kwenda nje, kama ua.

*

Meja Prewett alifika Kitty saa sita kasorobo, na mkasi ulikuwa tayari mfukoni. Alikuta kituko. Choo kipya kimetolewa nje. Cha zamani, kingali na udongo, kimesimamishwa mahali pake, mfuniko umewekwa. Chini ya tumbo la ndege Hebden alikuwa amekwangua rangi nyeusi kwa tupa ya kucha, na Blenkin amefungua kiraka kimoja. Fito moja ya kutambazia njegere, kutoka bustanini, ilikuwa imepenyezwa kutoka chini: ikapita sakafu, ikapita kitako cha choo, ikatokea mfunikoni na kugusa kiraka cha paani. Ilisimama wima kama mlingoti wa bendera.

"Nani ameweka bustani kwenye ndege yangu?" Meja aliuliza.

"Risasi iliingia hapa chini," Hebden alisema, "ikatokea kule juu. Bati halisemi uongo. Huku limekunjwa ndani, kule limechanua nje. Kiraka ulichokiona paani kilikuwa mlango wa kutokea."

Meja aliinama, akapeleka macho chini, akayapandisha juu, akarudia. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyezoea kujibu haraka, na hayo ni maradhi mengine.

"Mizinga ya ardhini," alisema. "Inapiga kutoka chini."

"Kombora la ardhini hupasuka, likatawanya vipande. Vipande huacha majeraha kama meno ya mbwa. Hili ni duara."

"Basi ni mwenzetu. Lankasta nyingine chini yetu, kijana kashtuka, kafyatua."

Hebden alitoa mfukoni farthing, ile sarafu ndogo kuliko zote yenye kindege mgongoni, akaipeleka kwenye kitako cha choo. Ilikaa kwenye tundu kama imepimwa kwa fundi, ikakwama kidogo tu ukingoni. "Risasi zetu ni nyembamba kama penseli. Zetu zingepita humu tatu zikiwa zimeshikana mikono. Hii ni ya windaji."

"Luteni, windaji linapiga mbele ya pua yake. Ili lipige hivi, wima, lazima lisimame juu ya mkia kama mbwa anayeomba mfupa. Litaanguka kabla ya kufyatua."

"Ndiyo. Likiwa bunduki zake zinatazama mbele."

Meja aligusa fito kwa kidole.

"Wao wamezifunga zikitazama juu," Hebden alisema. "Sijaziona, lakini fito hii haisimami kwa njia nyingine. Kwa nini wamfuate Pugh mkiani, aliko na macho na bunduki nne? Wanapita chini, gizani, wanakwenda nasi mwendo mmoja, taratibu. Kama mwizi wa kuku chini ya banda la mbao: hahangaiki na mlango, anapitisha mkono kwenye upenyo wa sakafu. Na risasi hawazitii moto wa rangi, wasije wakajitangaza. Huko chini hatuna bunduki, hatuna dirisha, hatuna mtu."

"Mimi natazama nyuma," Pugh alisema, "kumbe mgeni yuko chini ya mto wangu."

"Mbona Kitty imerudi?" Meja aliuliza, sauti imeshuka. "Kama wako karibu hivyo, hawakosei."

"Hawakukosea. Walilenga mabawa, kwenye matangi ya mafuta. Wakati wanafyatua, mabomu yakaachiwa. Sajini amekwambia mwenyewe: punda akatua gunia. Ndege ikaruka juu, shabaha ikapotea, risasi zikapita huku nyuma na kuua choo. Yangechelewa sekunde moja, tungekuwa hatuna wa kumshtaki."

Blenkin alikuwa amevua kofia tena. Mbali, kwenye kiwanja, watu walikuwa wameanza kupangwa mstari. Sauti ya sajini wa gwaride ilikuwa ikiwatukana kwa utaratibu.

"Wako wengine," Meja alisema polepole, "ambao hawakurudi. Nilisema mara nyingi, hapa hapa, kwamba watu wao wa mkiani walisinzia."

"Asiyekuwepo na lake halipo, Meja," Hebden alisema. "Huyu yupo."

Meja alitoa mkasi mfukoni. Pugh alijinyoosha, kidevu juu. Meja akautazama ule mkasi kama vile hajui umefikaje mkononi mwake, akampa Blenkin. "Kakatie rubarbu yako, Koplo. Bwalo la maofisa litahitaji bakuli. Na ile ndoo sijaiona, ila naichukua. Makao Makuu wataitaka pamoja na fito yake."

"Na rubarbu yangu itajifunika nini, Afande?"

"Chukua hicho choo kipya! Mahali hapa pote nataka pakatwe. Tundu kwenye sakafu, bunduki moja, na mtu wa kulala kifudifudi akitazama chini. Leo hii."

"Hapa penye choo?" Pugh aliuliza. "Afande, na mtu akibanwa?"

"Kuna mtu aliyewahi kukitumia?"

"Hapana. Lakini kilitupa matumaini."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Meja Prewett alicheka. Kilikuwa kicheko kilichokaa stoo muda mrefu, kina vumbi. Kisha akamtuma Blenkin akawavunjie watu mstari wakale, na kusema kwamba usiku huo Sajini Pugh atakuwa mkiani mwa Kitty kama kawaida, na pale penye tundu, mtu wa kulala kifudifudi atakuwa yeye mwenyewe.

"Wewe, Meja?" Hebden aliuliza.

"Fito yako nimeiamini, Luteni. Sasa nataka kumwona huyo mwizi mwenyewe."

Ilipofika jioni, watu wakipanda ndegeni, Meja alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya bati, mbavu zake zikipima kila ribiti ya Blenkin, uso uko tunduni na upepo unamtoa machozi. Pugh alimpita akijipenyeza kwenda kizimbani. Akasimama. Akarudi. Akauchomoa mto wenye kabichi kwapani na kumsukumizia Meja chini ya kifua.

"Nakuazima, Afande. Wa Olwen huo." Kisha akainama karibu na sikio lake. "Ila kichwa usiuwekee. Watakuja kusema ulisinzia."